Kiti cha Somoe

Kaeni mnavyopenda, ila msiniulize mwisho. Mwisho wa hadithi hii sikuletewa, na kila aliyenisimulia aliishia pale pale nitakapoishia. Mimi nitaleta watu na walichotenda. Hukumu mtaileta ninyi.

Palikuwa na ndugu watatu wa tumbo moja, Siwema, Somoe na Mfaume, na wa nne wao alikuwa Awetu, mke wa Mfaume. Waliishi Nang'ondo, kwenye uwanda wa juu wa kusini, ambako mikorosho ni mingi kuliko watu na kazi ya mshahara ni moja tu, kiwanda cha kubangua korosho.

Somoe alijaliwa mikono. Alipasua ganda la korosho kwa pigo moja bila kutazama, na kiini kikatoka kizima. Akiulizwa anajuaje pa kupiga, alisema korosho yenyewe humwonyesha.

Siwema, dada yake mkubwa, alijaliwa vidole. Yeye alifanya kazi chumba cha madaraja, ambako viini vimekwisha kusafishwa na hupangwa kwa ukubwa na weupe. Hakuwahi kugusa ganda. Kwa hiyo vidole vyake vilikuwa na mistari yote aliyozaliwa nayo. Hakuna aliyekiona hicho kuwa kipaji mpaka mashine ilipokuja.

Awetu alijaliwa kutunza. Hakutupa barua wala kufuta ujumbe. Simu yake ilijaa mpaka ikawa inazimika yenyewe, na mumewe, aliyekuwa fundi wa simu, alimwambia ina tumbo la kuvimbiwa. Awetu alijibu kwamba afadhali iugue kuliko isahau.

Mfaume alijaliwa kusikika. Alikuwa na ukurasa mtandaoni alioupa jina la kijiji, na kwa miaka minne alitangaza humo misiba, watoto waliozaliwa, mbuzi waliopotea na siku ya kliniki. Watu wa Nang'ondo walioko mbali walijua kwamba wamefiwa kutoka kwake. Hakuwahi kukosea jina la marehemu.

Mashine ililetwa mwezi wa tano. Ilifungwa ukutani langoni, ndogo kama kisahani, na chini yake pakabandikwa karatasi: weka kidole, subiri taa ya kijani. Kabla ya hapo karani alikuwa akiita majina kutoka kwenye daftari. Daftari likachukuliwa. Kampuni yenye mashine ilikuwa mjini, na watu wake waliondoka siku ile ile waliyoifunga.

Kilichofuata angekitabiri mbanguaji yeyote, kama angeulizwa. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Miaka ikipita, mafuta hayo huila ngozi ya vidole mpaka ikawa laini kama kipande cha sabuni. Wanawake wa meza za kubangua walipoweka vidole, taa ilibaki nyekundu. Mashine haikusema kwamba vidole vyao vimechakaa. Ilisema hawakufika. Na aliyeandikwa hakufika mara tatu katika mwezi mmoja, jina lake lilijiondoa lenyewe, na hapakuwa na mtu kiwandani aliyeweza kulirudisha. Wanawake kumi na mmoja waliondoka hivyo katika mwezi ule wa kwanza wa mashine. Meneja alipolalamikiwa alisema hata yeye huweka kidole.

Mwezi wa sita kampuni iliruhusu walioshindikana wasajiliwe upya, mara moja tu, na kazi hiyo akapewa karani. Hapo ndipo Siwema alipoona kwamba ana vidole kumi. Kimoja akajiwekea mwenyewe. Tisa akawagawia wanawake tisa wa meza za kubangua, na karani akatazama upande wa pili. Somoe alipewa kidole cha pete cha mkono wa kushoto.

Wenyewe waliita kuazima kidole. Kila asubuhi Siwema alisimama langoni akabonyeza mara kumi, na wenzake nyuma yake wakauliza vidole vyao vimeamkaje. Mwenye kidole gumba alijiona mkubwa wa meza. Mwenye kidole kidogo aliambiwa awe na adabu, asije akasahaulika. Kwa miezi mitano mashine iliamini kuna watu kumi.

Sasa sikieni siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne, mwezi wa kumi na moja. Alfajiri Siwema aliunguza kidole akiepua sufuria ya uji, na kidole kilichoungua kilikuwa kile cha pete, cha kushoto. Langoni taa ikawaka kijani mara tisa. Mara ya kumi ikawaka nyekundu. Alijaribu tena, akakifuta kwa khanga, akajaribu mara ya tatu.

Somoe alikuwa nyuma yake na kitambaa chake cha kufungia kichwa mkononi. "Basi leo sipo," alisema, akacheka, akaingia kazini.

Siwema angeweza kwenda kwa meneja na kusema kidole kimoja kimegoma. Lakini kueleza kidole kimoja kungekuwa kueleza vyote kumi. Alinyamaza, akijiambia kwamba siku moja nyekundu si tatu. Tangu siku hiyo hajaacha kuuhesabu ukimya huo.

Saa mbili na dakika ishirini Somoe alimtumia Awetu ujumbe wa sauti. Kabla ya saa tatu, pipa la mvuke linalopikia korosho lilipasuka wakati Somoe amekwenda kuchukua trei ya meza yake. Wawili waliumia. Somoe alikufa kabla gari halijafika.

Kesho yake kiwanda kilibandika tangazo langoni. Lilisema kwamba wafanyakazi waliosajiliwa asubuhi ile ni sitini na wawili na wote wako hai. Mtu aliyefariki hakuwa kazini. Aliingia bila kusajiliwa, na uchunguzi unaendelea kujua alikuwa akitafuta nini ghalani. Nang'ondo nzima ilielewa maana ya kutafuta ghalani: wizi wa korosho. Waliomwona Somoe mezani asubuhi hiyo walikuwa wengi, na hakuna aliyefungua mdomo. Wengine walikuwa ndani kwa vidole vya Siwema, na wengine walikuwa na watoto wa kulisha.

Lazima niwaeleze jambo moja la ukoo huu, maana bila hilo hamtaona kilichokuwa kinapotea. Jina la marehemu kwao haliachwi peke yake. Siku ya arobaini hupewa mtu mmoja aliye hai, na tangu hapo huitwa kwa hilo, na anakaa mahali pa aliyekufa katika kila jambo. Anayeamua ni mjomba. Lakini jina la mtu aliyefia katika wizi halitolewi. Linaachwa, na halitajwi tena. Katika orodha ya majina ya ukoo, iliyoandikwa kwa vizazi vinane, yapo majina mawili yaliyoachwa hivyo. Mahali yalipokuwa panajulikana. Yalikuwa yapi, hakuna ajuaye. Jina la Somoe lilikuwa linakwenda kuwa la tatu, na siku zilizobaki zilikuwa thelathini na nane.

Kwenye mazishi alikuja Bi Tabu, mtani wa ukoo, ambaye kwa desturi husema msibani asiloweza kusema mwingine. Jeneza lilipofika kaburini alikaa chini katikati ya njia, akanyoosha miguu.

"Hapiti mtu," alisema. "Meneja kasema Somoe hayupo. Sasa mmembeba nani mpaka huku? Mrudisheni, mmwulize jina."

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka wote kwa pamoja. Na Mfaume alikuwa ameshika simu, akirekodi.

Hapa vinaanza vitendo vitatu. Vipimeni vizuri.

Cha kwanza ni cha Mfaume. Aliweka kwenye ukurasa wake picha za dakika nne. Hakutukana mtu. Alimwonyesha Bi Tabu njiani, akaonyesha jeneza linavyoshushwa, akalisoma tangazo la kiwanda neno kwa neno, kisha akataja jina kamili la dada yake, la mama yake na la bibi yake, kama afanyavyo katika kila msiba. Kufika Ijumaa, watu elfu arobaini walikuwa wameitazama. Mjini watu wakaanza kubishana redioni. Mmoja alisema mashine za vidole zipigwe marufuku, mwingine akasema wafanyakazi wavivu ndio wasiozipenda. Mmoja alitaka kampuni za mitandao zidhibitiwe, mwingine akataka watu wa kurasa ndogo ndogo kama za vijijini ndio wadhibitiwe kwanza. Kila mtu alizungumzia lake. Jina la Somoe lilitajwa kwa siku mbili, kisha mabishano yakaendelea bila yeye. Lakini kelele hizo zilitosha. Ofisi ya kazi iliita kikao cha usuluhishi, ambacho isingekiita kwa ajili ya mwanamke mmoja wa Nang'ondo.

Mfaume alilipaje? Aliitwa akaulizwa kibali cha kutangaza habari mtandaoni, naye hakuwa nacho, wala hakuwahi kujua kwamba mbuzi aliyepotea ni habari. Kibanda chake kilifungwa, na simu thelathini na moja za wateja zilichukuliwa kama vielelezo. Akakatazwa kuandika popote kwa mwaka mzima. Wiki hiyo hiyo kampuni yenye mtandao ikaufuta ukurasa wake kwa kosa la kuonyesha maiti. Aliandika kueleza kwamba lile ni jeneza na kwamba marehemu ni dada yake. Jibu la kukataliwa lilirudi baada ya dakika moja, kwa hiyo hakuna mtu aliyeisoma barua yake. Pamoja na ukurasa ilikwenda misiba yote ya miaka minne, mia tatu na kumi na saba. Iliyokuwa imenakiliwa kwenye karatasi ni mia mbili na nne.

Cha pili ni cha Siwema. Kikao kilikaa siku ya ishirini na moja. Kampuni ya mashine ilimleta kijana mpole wa mjini, aliyevaa shati jeupe, ambaye alimpa kila mtu shikamoo aliyostahili. Alieleza kwa upole kwamba mashine haina ndugu wala adui, na kwamba haina sababu ya kusema uongo. Siwema akasimama, akaweka mikono yake yote miwili juu ya meza.

"Mwanangu, hiyo mashine yako ina vidole vyangu kumi," alisema, "na inadhani ni wanawake kumi. Ilete tuiulize."

Ikaletwa, haijahesabu siku hata moja tangu ajali, maana ilikuwa imezimwa kwa ajili ya uchunguzi. Siwema akabonyeza kidole kimoja baada ya kingine, na kwenye kioo yakatokea majina kumi. Kidole cha pete cha kushoto kilikuwa kimepona. Alikiweka cha mwisho. Taa ikawaka kijani, na maandishi yakatokea ambayo kijana yule aliyasoma kwa sauti kabla hajafikiri: "Karibu, Somoe Nalinga."

Walionisimulia wanakubaliana kwamba Siwema hakukitoa kidole mpaka alipoombwa.

Siwema alilipaje? Kabla jua halijatua alikuwa ameachishwa kazi kwa udanganyifu, na wale wanawake wengine wanane walioazima vidole vyake waliachishwa pamoja naye. Tangu siku hiyo hawamsalimii. Mmoja alimkuta kisimani akamwambia, "Mdogo wako alikuwa amekwisha kufa, dada. Sisi tulikuwa hai." Mpaka leo Siwema anasema mwanamke yule alikuwa na haki.

Cha tatu ni cha Awetu. Katika kikao kile kile wakili wa kiwanda alisimama akasema kwamba vidole vile vinaonyesha udanganyifu, havionyeshi kazi. Huenda Jumanne ile marehemu hakuja kubangua, alikuja kuchukua. Awetu akaomba nafasi, akaucheza ule ujumbe wa sauti. Somoe alisikika akisema, "Wifi, pipa leo linalia kama paka. Tumemwambia fundi, kasema tuendelee. Usisahau kuanua mihogo yangu." Nyuma ya sauti yake yalisikika mapigo ya meza za kubangua, na msimamizi akiita, "Meza ya nne, trei yenu."

Somoe alikuwa wa meza ya nne.

Wakili alisema ujumbe mmoja unaweza kutengenezwa siku hizi. Aliitaka simu nzima, na maneno yote ambayo mawifi hao wawili waliwahi kutumiana, ama sivyo hata ule mmoja usipokelewe. Mwenyekiti alikubali. Awetu aliuliza kama anaweza kwanza kufuta machache yasiyohusu kiwanda. Akaambiwa haiwezekani. Alimtazama mumewe aliyekuwa ameketi benchi la nyuma, kisha akaiweka simu mezani.

Awetu alilipaje? Maneno yao yalichapishwa yakawa kurasa themanini na nane, na mengine yakasomwa mbele ya watu ili kuhakikisha kwamba sauti ni ya Somoe kweli. Katika kurasa hizo mlikuwa na siri ambayo Awetu hakumwambia mtu mwingine duniani: kwa miaka mitatu alikuwa akichomwa sindano ya kuzuia mimba, kwa sababu alipozaa mara ya kwanza mtoto alitoka mfu na yeye mwenyewe nusura afe, na aliogopa. Mfaume alikuwa akimsubiri mtoto kwa miaka hiyo mitatu. Alisikia pale, kwa sauti ya karani wa kikao.

Haijulikani ni nani aliyezitoa karatasi zile nje. Kufika Jumapili zilikuwa kwenye simu za wilaya nzima. Sokoni vijana walimwuliza Mfaume habari za sindano. Yeye ambaye barua yake ilikataliwa kwa dakika moja aliripoti zile karatasi mara kumi na nne, akajibiwa kwamba hazijavunja kanuni yoyote.

Siku ya ishirini na tisa alimpa Awetu talaka. Hakupandisha sauti. "Sikuachi kwa sababu ya sindano," alimwambia. "Sindano ningeielewa. Nakuacha kwa sababu kila mtu anajua, na mimi nilijua wa mwisho."

"Hukujua wa mwisho," Awetu alijibu. "Ulijua siku moja na wote. Mimi ndiye niliyeitoa simu ili dada yako asiitwe mwizi."

"Najua," Mfaume alisema. Akambebea jamvi lake mpaka kwa mama yake Awetu, akarudi peke yake.

Siku ya thelathini na tatu barua ya uamuzi ikafika. Ilisema kwamba marehemu Somoe Nalinga alikuwa kazini wakati wa ajali, na kwamba tangazo la awali limefutwa. Mambo ya fidia yalipelekwa ngazi nyingine, na huko ndiko yaliko hadi ninaposimulia. Jina likasafishwa. Watu watatu waliisoma barua ile, kila mmoja nyumbani kwake.

Laiti barua ingeishia hapo. Ilikuwa na aya ya pili. Ilisema kwamba, kwa kuonyesha nia njema, kiwanda kitampokea ndugu mmoja wa marehemu akae kwenye kiti chake, meza ya nne. Jina moja lijazwe kwenye fomu na lirudishwe siku ya arobaini, kabla ya saa sita mchana.

Mjomba wao, Chande, alikwenda kwa meneja kuuliza. Mjomba huyu alikuwa mpishi wa shule aliyestaafu, mtu asiyependa kuamua hata chakula cha jioni. Aliuliza kwa nini mmoja tu. Meneja, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimweleza kwamba kampuni ya mjini haipokei jina jipya mpaka mkataba wake uishe. Mashine ina nafasi za majina yaliyokwisha kuingizwa tu, na jina la Somoe bado limo. Tangu siku ya kikao linasoma kwamba yupo.

Mjomba akauliza je, Siwema, aliyefukuzwa?

"Mashine inamkumbuka Siwema kwa udanganyifu," meneja alisema. "Somoe haimkumbuki hivyo. Atakayekuja kwa jina la Somoe tutamsajili kidole pale. Kwa mashine huyo ndiye Somoe."

Mjomba alirudi akiwa amechoka kuliko alivyokwenda. Kwa maana mnaona jinsi mambo mawili yalivyokutana. Jina lazima apewe mtu mmoja, na kiti ni cha mwenye jina. Atakayepata kimoja amepata vyote viwili, na wawili watabaki na walichopoteza. Na kiti chenyewe mnakijua. Ni meza ile ile, mafuta yale yale yanayokula vidole, na pipa jipya hatua sita nyuma ya mgongo. Hata hivyo Nang'ondo haina kazi nyingine, na wote watatu hawakuwa nayo.

Siku ya arobaini yenyewe, asubuhi, mjomba aliwaita barazani kwa Siwema. Mfaume alikaa ukingoni mwa baraza. Awetu alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kama mgeni. Bi Tabu naye alikuja, bila kuitwa, kama ilivyo haki yake. Mjomba aliwaambia kwamba hatamsemea mtu, kila mmoja aseme mwenyewe.

Siwema alisema kwanza, akitazama mikono yake. "Mimi ndiye niliyemfanya asiwepo. Kidole kilikuwa changu na ukimya ulikuwa wangu. Nipeni nikae pale mpaka mistari hii iishe, mjomba. Siombi kwa uzuri. Naomba kwa sababu sina mahali pengine pa kuiweka."

Mfaume alisema kwamba bila zile dakika nne, kikao kisingekuwapo cha kuweka mikono wala simu. Alisema hana kibanda, hana ukurasa, hana mke. Bi Tabu akamwambia kwamba mke hakumpoteza, alimrudisha mwenyewe kwa miguu yake. Mfaume alikubali kwa kichwa. "Lakini bado naomba," alisema. Mjomba alimkumbusha kwamba Somoe ni jina la kike. Orodha ikaulizwa, na ilijibu: kizazi cha tano, mwaka wa nzige, mwanamume alirithi jina la Binti Hausi, na watu walimwita hivyo mpaka alipokufa. Inawezekana.

Awetu alikuwa wa mwisho. "Mimi si wa ukoo wenu, na sasa hata ndoa haimo. Najua," alisema. "Lakini ninyi mtakuwa na majina yenu hata mkikosa hili. Langu haliwezi kuitwa barabarani bila mtu kucheka. Somoe ndiye pekee aliyejua yangu yote na hakucheka. Nipeni la kwake." Orodha ikaulizwa tena. Katika vizazi vinane hakuna wifi aliyerithi jina. Wala hakuna palipoandikwa kwamba hairuhusiwi.

Mjomba Chande akauliza, kana kwamba anajiuliza mwenyewe, itakuwaje akikataa kiti na kuchana fomu.

"Kiti utakuwa umekikataa," Bi Tabu alimjibu. "Na jina?"

Kwa sababu jina lisilopewa mtu siku ya arobaini nalo linaachwa, liwe safi au chafu. Wote watatu walikuwa wametoa walichokuwa nacho ili lisiachwe.

Mjomba akaomba kalamu. Mfaume alikuwa nayo. Awetu alishika ubao wa kuandikia, na Siwema akaifungua fomu, akaibana kwa kidole upepo usiibebe, na kidole alichobania kilikuwa kile cha pete, cha kushoto. Fomu ilikuwa na mstari mmoja.

Niliwaambia tangu mwanzo kwamba mwisho sikuletewa. Mmoja alilifikisha jina la Somoe masikioni mwa watu, akanyang'anywa sauti. Mmoja aliitoa mikono yake, akaachwa mikono mitupu na kisima ambako hasalimiwi. Mmoja aliitoa siri yake, na watu hawajaacha kuisoma. Ukimwondoa yeyote kati yao, Somoe ni mwizi na hatajwi tena. Na utakayemchagua, unampeleka kwenye meza ya nne, hatua sita mbele ya pipa, ambako siku vidole vyake vitakapokuwa laini mashine itasema hayupo.

Kalamu nakukabidhi wewe uliyesikiliza. Saa sita inakaribia, na mstari ni mmoja. Utaandika jina la nani?